Ndevu za Simoni wa Kirene

Novemba 11, Mtakatifu Martino

Leo baada ya Misa Mwalimu Eustach amebandika tangazo kwenye mlango wa kanisa, kama linavyobandikwa kila baada ya miaka kumi tangu wazee wetu walipomwekea Mungu nadhiri wakati wa tauni. Kuanzia leo, mwanamume yeyote atakayecheza kwenye Mchezo wa Mateso ya Bwana asiguse wembe wala mkasi mpaka mchezo uishe mwisho wa kiangazi. Wanaoigiza Warumi peke yao ndio wananyoa. Tarehe mbili Februari, siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, kamati itakagua ndevu, na jina likishaandikwa siku hiyo halifutwi. Atakayekutwa amenyoa, nafasi yake anapewa mwingine.

Mwalimu ametugawia na madaftari, sisi tuliopewa kuigiza watu wenye majina, tuandike jinsi tunavyoishi na watu wetu hao. Mimi shule niliiacha mapema. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyezoea kuandika tarehe juu ya magurudumu ya jibini. Lakini nimepewa Simoni wa Kirene, aliyelazimishwa kumsaidia Bwana kubeba msalaba, kwa hiyo nitaandika.

Marehemu baba alikuwa Simoni mara tatu. Tukirudi nyumbani Mama alinishika mkono kwa sababu ya barafu, akasema, "Nikikuona na wewe umeubeba, nitakuwa nimemaliza." Sikumuuliza atakuwa amemaliza nini. Ana miaka themanini na miwili. Huu ndio mchezo wake wa mwisho, tunajua sote wawili.

Novemba 15

Theluji ya kwanza. Magurudumu kumi na mawili.

Novemba 22

Zinawasha. Kijiji kizima kinajikuna. Kanisani leo wakati wa mahubiri ilisikika sauti kama panya darini, na paroko akanyamaza kidogo, akatutazama, akaendelea. Wazee wanasema ni wiki mbili au tatu, kisha zinalala.

Novemba 29, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Wenzangu wengi zimewalala. Mathayo, mmoja wao, anazichana kwa kitana na kujitazama kwenye dirisha la duka la mikate. Zangu zinawasha kuliko wiki jana, hasa kidevuni na chini ya taya. Ninaosha kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, asubuhi na jioni, ili uchafu wa kiwanda cha jibini usikae.

Nimeamua kumtolea Mungu huu mwasho. Kama Simoni aliweza kubeba gogo, mimi nitashindwa na nywele?

Desemba 3

Wanaume wameacha kupita mbele ya duka la Afra, kinyozi wetu. Wanavuka barabara, kana kwamba mkasi utawarukia. Duka lake linatazamana na kanisa, na Jumapili wakati sisi tuko Misani yeye anafagia. Tangu mumewe aondoke hajakanyaga kanisani. Mimi pia nimevuka barabara, ila mimi nilikuwa simsalimii hata kabla ya tangazo. Naandika hivyo kwa sababu Mwalimu alisema tuandike ukweli.

Desemba 8, Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili

Mama ameniona nikijikuna mezani, akaweka kijiko chini.

"Tangu lini?"

"Siku chache tu, Mama."

"Siku chache. Shingo imekuwa kama nyama ya buchani, anasema siku chache."

Akaenda kwenye kabati kuleta kikopo. Hayo mafuta anayapika yeye mwenyewe kila masika: anabandua utomvu kwenye misonobari nyuma ya zizi, anauyeyusha na mafuta ya nguruwe na nta ya nyuki, anachuja kwa soksi ndefu safi. Hapa kijijini hakuna nyumba isiyo na kikopo cha Rosina, yaani cha Mama. Wanapaka chuchu za ng'ombe zilizopasuka, vifua vya watoto wenye kikohozi, na vidole vyenye majeraha. Alinikalisha kwenye benchi karibu na jiko, akanipaka kwa vidole vyake viwili mpaka chini kabisa kwenye ngozi, kama alivyokuwa akimpaka baba, alisema, msimu wote wa ndevu. Harufu yake ni ya utoto wangu. Nililala vizuri.

Desemba 9

Nafuu. Mungu ambariki.

Desemba 13

Nafuu imekwisha. Mama anasema dawa inavuta ugonjwa nje kwanza. Tunaongeza.

Desemba 19

Kiwandani navaa wavu wa ndevu, ni sheria, na mvuke wa sufuria la shaba unaingia ndani yake na kukaa humo. Leo nilipouvua ulikuwa umejaa magamba meupe kama mba. Niliona aibu. Nikaenda kuosha kwa sabuni ya mche kwa mara ya tatu.

Vitus, mume wa dada yangu, alikuja kuchukua maji ya maziwa ya kuwalisha nguruwe wake. Yeye ni jemadari wa Warumi, kidevu chake kinang'aa kama kiatu kipya. Alisimama akinitazama.

"Shemeji, nina ng'ombe anajikuna hivyohivyo kwenye nguzo. Nikuletee nguzo?"

Nikamwambia aende zake.

"Au njoo kwetu. Kofia ya chuma tunayo, wembe tunao, na msalaba tunambebesha mwingine."

Nilicheka, maana Vitus anapotania huwa hana sumu. Alipoondoka nikajikuta nimeganda na ufagio mkononi, nikiwaza: kofia ya chuma.

Desemba 24

Ukumbini kwetu kuna picha ya baba akiwa Simoni, mwaka wake wa tatu, msalaba begani, mashavu na shingo vyekundu kama aliyepigwa mijeledi. Wageni wakiuliza alipakwa rangi gani, Mama huwajibu kwamba ile si rangi, ni mateso ya Bwana yalimwingia. Nimekua nikisikia hivyo. Usiku huu kabla ya Misa nilisimama mbele ya picha nikamwomba baba aniombee uvumilivu wake. Maana yeye, Mama anasema, hakulalamika hata siku moja.

Kanisani nilikaa mwisho wa benchi. Wakati wa kumwabudu Mtoto nilijikuna mpaka damu ikaingia kwenye kola. Jirani yangu alisogea, kidogo tu, kwa adabu.

Desemba 27

Magurudumu tisa. Sijalala.

Desemba 31

Mwalimu Eustach amenisimamisha nje ya ofisi ya posta. Ni mtu mpole, alichagua maneno. Alisema wameniona mimi, Korbinian, nikiteseka, na kwamba Simoni lazima aweze kuinama, kubeba na kutembea mita sitini mbele ya watu elfu mbili bila kupeleka mkono usoni. Alisema hakuna aibu kuachia nafasi kabla ya tarehe mbili. Ana mtu mwingine, kijana wa kazi za msituni, mwenye ndevu nzuri.

Nikasema nitakuwa nimepona. Hivi naahidi nini?

Januari 6, Tokeo la Bwana

Naandika kwa jicho moja.

Jana jioni tulifukiza nyumba, kama kila mkesha wa Tokeo la Bwana. Mwanamume wa nyumba anatangulia na kikaango cha chuma chenye makaa, juu yake ubani, majani yaliyobarikiwa, na utomvu wa msonobari, Mama anafuata na maji ya baraka na rozari. Chumba kwa chumba, ghala, zizi. Kwa kuwa sikuoa, kikaango ni changu tangu baba afe. Mama mwaka huu aliweka utomvu kwa ukarimu. Kwenye ghala makaa yakataka kuzimika, nikainama na kuyapuliza, moshi wote ukaniingia usoni. Tulipofika zizini nilikuwa nalia machozi. Mama alidhani ni ibada.

Kisha akanikalisha na kunipaka kama kawaida.

Asubuhi uso wangu ulikuwa umeumuka kama unga wenye chachu. Jicho la kushoto limefunga. Chini ya ndevu panatoka maji. Mama alinitazama, akajishika mdomo, akakimbilia kikopo. Nilimwachia anipake. Alikuwa anasali huku anapaka, ningemwambiaje aache? Vidole vyake vilikuwa baridi, na kila vilipopita palibaki moto.

Mchana wote nimelala nikiwaza. Nimejiuliza ni dhambi gani. Nimezihesabu za mwaka mzima: zipo, lakini ni za kawaida. Nimejiuliza kama ni kiburi kutaka nafasi ya baba. Nikajiuliza pia, Mungu anisamehe, kama Simoni mwenyewe alipoulizwa jioni na mkewe alikuwa wapi, hakusema: wamenibebesha kitu kisichokuwa changu.

Kesho nitanyoa. Nimeshaamua. Sitajinyoa mwenyewe, ngozi itachanika yote. Nitakwenda kwa Afra mapema, kabla watu hawajatoka.

Januari 7

Sijanyoa. Niandike kwa mpangilio, kwani ni mengi.

Nilifika saa moja asubuhi nimejifunga skafu. Afra alikuwa anawasha taa. Alinitazama usoni, hakushtuka, akavuta kiti.

"Nimekuja unitoe," nikasema.

"Nikutoe nini?"

"Ndevu. Zote."

Akasema atanitoa nikitaka, kazi yake ni hiyo na tangu Novemba hajaipata. Ila kwanza nikae, nitoe skafu, nimwonyeshe. Aliweka miwani. Alitenganisha ndevu kwa ncha ya kitana, taratibu, akitazama chini kwenye ngozi kama mimi ninavyotazama ganda la jibini ninapotafuta ukungu. Akashika na mikono yangu, akaigeuza. Akauliza zilianza lini kuwasha, na wenzangu zao ziliacha lini.

Kisha akanieleza kitu ambacho hakuna mwanamume kijijini aliyewahi kunieleza, nasi tunafuga ndevu hizi tangu tauni. Alisema mwasho wa kwanza ni wa ncha. Wembe unaacha kila unywele na ncha kali kama mabua ya nyasi baada ya kukatwa. Ukikanyaga peku yanachoma. Zikirefuka zinalala, na mwasho unakwisha. "Zako zimelala tangu mwanzo wa Desemba," akasema. "Kwa hiyo usizisingizie ndevu. Ni ngozi."

Akauliza naosha kwa kitu gani. Nikamwambia. Mara ngapi? Nikamwambia.

"Wewe ni mtu wa jibini. Ganda ungeliosha hivyo? Kwa sabuni ya kufulia, mara tatu kwa siku, kisha ukaliweka karibu na jiko?"

Ganda la namna hiyo lingepasuka kwa siku mbili na uozo ungeingia. Hilo najua tangu nina miaka kumi na minne. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nina ganda.

"Hilo ni la kukausha na kutoa magamba," akasema. "Lakini haliuvimbishi uso wa mtu. Jioni unapaka nini?"

Nikasema, na nilisema kwa fahari, kwamba napaka mafuta ya utomvu ya Mama.

Aliweka kitana chini. Alisema nta wanayotumia wanawake kujing'olea nywele ina utomvu ndani yake, na katika miaka ishirini na sita amewaona wanawake wawili waliovimba midomo kwa nta hiyo, wakati mamia walipaka bila shida. Utomvu si mbaya. Kuna ngozi chache tu ambazo haziutaki, na kila zinapoupata zinaukataa kwa nguvu zaidi. Nikasimama. Nikamwambia Mama yangu ametibu kijiji kizima kwa kikopo kile. Nilisema na jambo lingine, kuhusu watu wasiokwenda kanisani kuwafundisha wanaokwenda, ambalo sitaliandika lote.

Alingoja nimalize.

"Korbinian, mimi sikuombi uniamini. Paka kidogo hapa." Akagusa mkunjo wa kiwiko changu. "Asubuhi na jioni, siku nne. Usoni usipake kitu. Kiwiko hakina ndevu, hakina sabuni, hakina dhambi. Kikikaa kizuri, rudi nikunyoe bure."

"Na kiwiko kikiwasha?"

"Basi umuone daktari wa ngozi mjini. Na utakuwa na ndevu."

Aliniosha kwa maji ya vuguvugu na kitu laini kisicho na harufu, akanikausha kwa kugusagusa, hakusugua. Nilimkumbusha kwamba tumekatazwa. Akasema tangazo analiona kutoka dirishani kwake kila siku, limekataza wembe na mkasi. Maji halijayataja.

Januari 8

Kiwiko: hakuna kitu. Usoni: bado, ila jicho limefunguka. Jioni nilimwambia Mama nitajipaka mwenyewe, asichoke. Nilikwenda chumbani na kikopo, nikapaka kiwiko.

Januari 9

Kiwiko: hakuna kitu. Nilikaribia kufurahi. Mtu anaweza kutaka kuendelea kuumwa ili mama yake awe hajakosea.

Januari 10

Kiwiko kinawasha.

Januari 11

Kiwiko chekundu, na vipele vidogo vyenye maji. Uso umekauka.

Januari 15

Mjini kwa daktari wa ngozi. Alitazama kiwiko, akauliza nani aliyenifundisha kufanya hivyo. Nikasema kinyozi wetu. Akasema nimpe salamu. Amenipa krimu ya siku saba, na shampuu ya mba mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya magamba. Siku nyingine ni maji tu, na matone matatu ya mafuta ya mlozi. Wavu wa ndevu nibadilishe kila baada ya saa mbili, usikae na unyevu. Utomvu, kamwe, hata moshi wake.

Januari 16

Nilipitia kwa Afra kumpa salamu. Nikamwomba radhi kwa yale niliyosema. Akasema ameshasikia makubwa zaidi kwenye kiti kile. Wakati natoka Mathayo alikuwa anavuka barabara, akaniona, akageuka akaingia dukani kwa Afra.

Januari 20

Nimelala kwa saa nane nzima. Magurudumu kumi na matatu.

Mama anawaambia majirani kwamba mafuta yake yamevuta ugonjwa wote nje, kama alivyosema. Kila jioni ananiuliza kama nimepaka, na kila jioni nasema ndiyo. Jana alinipa kikopo kipya.

Januari 23

Nimekwenda kuungama. Paroko alisikiliza habari yote ya kikopo. Sikumwona uso, lakini nadhani alitabasamu, kisha akaacha. Alisema uongo wa huruma unakula sana, kila jioni unataka mwingine, na kwamba mama yangu ni mtu mzima kuliko mimi na yeye.

Nimekuwa nikimtazama baba kwenye picha ya ukumbini. Mashavu yale. Wekundu unapita chini ya sikio, unashuka shingoni, unaishia pale vidole viwili vya Mama vinapoishia.

Januari 24, Jumapili

Nimemwambia.

Nilimngoja amalize kuosha vyombo. Nikaketi kwenye benchi karibu na jiko, alipokuwa akinikalisha, nikakunja shati nikamwonyesha kiwiko, bado kina alama. Nikamweleza yote: Afra, siku nne, daktari. Nilimwambia mafuta yake ni mazuri, na kwamba ni ngozi yangu isiyoyataka. Nilirudia hilo la ngozi mara nyingi.

Alisikiliza amesimama na kitambaa mkononi. Aliuliza swali moja tu, kama kitu hicho mtu huzaliwa nacho. Nikasema daktari hakuniambia. Akatoka. Nilidhani amekwenda kulala, nikajuta.

Alikuwa ukumbini. Alikuwa ameishusha picha ya baba ukutani na kuishika karibu na taa. Nilisimama nyuma yake. Alipitisha kidole gumba juu ya shavu la baba, kwenye kioo, kutoka sikioni mpaka shingoni.

"Mimi ndiye niliyempaka," akasema. "Kila jioni. Mara tatu hizo zote."

"Mama, hatujui."

"Mimi najua. Kila ndevu ziliponyolewa alipona, na mimi nikasema mchezo umekwisha, Bwana amempumzisha." Akafuta kioo kwa kitambaa. "Alikuwa ananiambia, asante Rosina. Anasimama, anakwenda kulala. Asante Rosina."

Nikamwambia baba alimpenda.

"Angenipenda na kuniambia anaumia."

Alinipa picha niirudishe ukutani, akanyoosha kona kwa kiganja ilipokaa kombo. Halafu akaniuliza kama baba alijua ni mafuta, au na yeye alidhani ni mateso ya Bwana. Nikasema sijui. Nadhani swali hilo litakaa na sisi humu ndani.

Januari 26

Hajazungumza sana.

Januari 28

Nimerudi kutoka kiwandani nikakuta viatu vyangu vya Simoni, vile vya ngozi vya baba, vimepakwa mafuta ya utomvu kwenye soli tu mpaka zinang'aa, viko nje barazani kwenye baridi, mbali na mlango. Vikopo vingine amewapelekea wenye ng'ombe. Amenunua mafuta ya mlozi mwenyewe, na kwa bei ile, amesema, hiyo milozi itakuwa ilisomeshwa.

Februari 2, Kutolewa Bwana Hekaluni

Baada ya baraka ya mishumaa tulijipanga kwenye ukumbi wa kijiji mbele ya kamati, wanaume themanini na mmoja wenye ndevu na harufu ya nta. Kumbe wengi wamepita kwa Afra tangu wiki mbili zilizopita. Alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, amevaa koti lake jekundu, na hakuna aliyemuuliza amekuja kufanya nini. Nilimsogezea kiti karibu na Mama. Wawili hao walitazamana kama paka wa nyumba mbili. Mama ndiye aliyeanza, akamuuliza mlozi unapandwaje.

Mwalimu Eustach alifika kwangu. Aliniinamisha kichwa kwenye mwanga, akatenganisha ndevu, akatazama ngozi. Akaniambia nisimame bila kujikuna mpaka amalize mstari. Ulikuwa mstari mrefu. Vitus, kutoka kwenye benchi la Warumi, alianza kujikuna kidevu chake kitupu, polepole, akinitazama. Nilikaza macho juu ya kichwa chake, kwenye msalaba wa ukutani, mpaka Mwalimu aliporudi na kuandika: Simoni wa Kirene, Korbinian Staudacher. Mama alijifanya anatafuta leso.

Jioni, saa ile ya kikopo, aliniita kwenye benchi karibu na jiko kwa mazoea. Nikaketi. Akaketi. Mikono yake haikuwa na kitu, ikabaki juu ya aproni.

"Zinawasha?" akauliza.

"Haziwashi, Mama."

"Sema kweli."

Nikafikiri.

"Hapa kidogo. Chini ya taya."

Akanyoosha mkono akanikuna.